Kumpeleka mama mzazi Serengeti mwezi wa pili: jibu kwa dada wa Mwanza

Dada, umeuliza mambo matatu: kama Februari mtaona nyumbu wakivuka mto, kama gari lenu dogo litafika, na kama mama yako mwenye miaka 70 ataiweza safari ya siku tatu pamoja na wajukuu. Nimeendesha wageni Serengeti na Ngorongoro miaka kumi na minne kabla ya kuacha kazi hiyo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Nitakaa zaidi kwenye jambo ambalo hukuliuliza.

Tuanze na mto. Februari hakuna kuvuka. Nyumbu huvuka Mto Mara huko kaskazini kuanzia Julai hivi hadi Oktoba, na Mto Grumeti upande wenu wa magharibi hupitiwa Mei na Juni. Aliyekuambia mtaona mamba wakidaka nyumbu mwezi wa pili alichanganya misimu. Lakini usighairi safari, maana mwezi wa pili nyumbu wako kusini, kwenye mbuga za nyasi fupi za Ndutu, wanazaa. Kwangu mimi hakuna kitu katika hifadhi zetu zote kinachozidi hicho.

Ardhi ya kule imetokana na majivu ya volkano za ukanda wa Ngorongoro. Chini kidogo tu ya udongo kuna tabaka gumu kama sakafu, mizizi ya miti haipenyi, ndiyo maana unaona nyasi tupu mpaka macho yachoke. Nyasi hizo ni fupi lakini zina madini mengi, hasa kalisi na fosforasi, na nyumbu anayenyonyesha anazihitaji kuliko nyasi ndefu za kaskazini. Tena kwa kuwa hakuna vichaka, simba hana pa kujibanza. Sehemu kubwa ya ndama wa mwaka mzima huzaliwa ndani ya wiki chache tu, kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Machi, wengi kiasi kwamba fisi na simba hushiba na ndama bado wapo tele. Niliwahi kumpima ndama mmoja kwa saa ya mkononi: tangu aguse ardhi hadi asimame kwa miguu yake minne, dakika sita. Muda mfupi baadaye alikuwa anakimbia ubavuni kwa mama yake.

Sasa lile ambalo hukuliuliza.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na wageni wanne Ndutu. Upande ule ulio chini ya Mamlaka ya Ngorongoro, magari yalikuwa yakiruhusiwa kuacha njia na kupita kwenye nyasi, tofauti na ndani ya Serengeti yenyewe. Redio ikaita: duma yuko mawindoni. Sisi madereva tulikuwa na majina yetu ya redioni ili wageni wasitushike. Simba tulimwita masharubu, duma tulimwita machozi kwa ile michirizi ya usoni. Nikasikia "machozi, machozi", nikakata kona, nikapita katikati ya kundi la nyumbu nikifupisha njia. Kundi likapasuka pande mbili. Tulipofika, duma alikuwa ameshazungukwa na magari tisa na swala aliyekuwa akimnyatia ameshaondoka. Nikageuza gari. Ndipo mgeni mmoja akaniambia, dereva, kuna ndama anatufuata.

Ndama wa nyumbu aliyezaliwa asubuhi ile hamjui mama yake kwa sura. Anajifunza kumfuata yule aliye karibu anayetembea, na mama anamtambua mwanawe kwa harufu. Akipotezwa saa za mwanzo, hufuata chochote kinachosogea: pundamilia, gari, hata fisi. Huyu wetu kitovu kilikuwa bado kibichi kinaning'inia. Nikisogea anasogea, nikisimama anakuja kusimama kwenye kivuli cha gari na kusukumasukuma gurudumu kwa pua akitafuta ziwa la kunyonya. Nikazima injini. Tulikaa pale zaidi ya saa moja tukiomba lile kundi lirudi. Nyumbu majike walikuja wawili watatu, wakamnusa, wakamsukuma kwa pembe, wakaondoka, kwa sababu nyumbu hanyonyeshi mtoto wa mwenzake. Kisha bweha wakaanza kusogea. Sitaeleza zaidi, watoto wako huenda wakasoma.

Hakuna aliyenilaumu. Wageni walinipa bahasha nzuri siku ya mwisho. Lakini tangu siku ile nilibadilisha namna ya kuendesha, na ndiyo namna ninayotaka uidai kwa dereva wako, yeyote utakayempata. Mwambieni tangu jioni ya kwanza: hatukimbizi. Asubuhi mtoke mapema iwezekanavyo, mtafute kundi lenye majike yenye matumbo, msimame mbali kiasi kwamba hakuna anayeinua kichwa kuwatazama, mzime injini, mkae. Kaeni mpaka saa tano, hata saa sita, kwa sababu wengi huzaa kabla ya adhuhuri. Jike anayetaka kuzaa utamjua: analala, anainuka, anageuka, analala tena, mkia umekaa wima. Akishtuliwa na gari anaweza kusitisha uzazi na kukimbia huku miguu ya ndama imeshatokeza nje. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ukikaa kimya utaona yote mpaka mwisho: kuzaliwa, kulambwa, kusimama, tumbusi na bweha wanavyokuja kula kondo la nyuma. Na duma akija, anakuja mwenyewe. Wageni wangu waliokaa hivyo waliona mawindo mengi zaidi ya wale waliozunguka na redio kutwa.

Duma kwa kweli nawaonea huruma. Anawinda mchana ili kuwakwepa simba na fisi, na mchana ndiyo saa za magari yetu. Mtafiti Femke Broekhuis alichapisha mwaka 2018 matokeo yake kutoka Maasai Mara huko Kenya: sehemu zenye watalii wengi, duma jike alikuza wastani wa mtoto 0.2 tu kwa kila uzao hadi kujitegemea, wakati sehemu zenye watalii wachache ilikuwa 2.3. Niliposoma takwimu hizo nilihesabu kichwani mara zote nilizoshiriki kumzunguka duma kwa magari.

Kuhusu gari: Ndutu kwa gari dogo msiende. Barabara kuu ya hifadhini ina mawimbi yatakayofungua kila nati, na upande wa magharibi, ukishaingia geti la Ndabaka, kuna udongo mweusi ambao ukilowa kidogo tu hata gari la magurudumu manne linalala. Februari mvua haijaisha. Kodisheni gari la juu lenye paa la kufunguka, na mkiungana na familia nyingine gharama inashuka sana, kwa sababu kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na si kikubwa. Kinachoumiza ni gari, mafuta na malazi. Beba kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima. Getini usitegemee kulipa taslimu. Vibali huhesabiwa kwa saa, kwa hiyo angalieni saa mnayoingia. Mkivuka kwenda upande wa Ngorongoro mtalipa kiingilio cha kule pia, pangeni hesabu hiyo mapema.

Kama hela haitafika Ndutu, kaeni Seronera, katikati ya hifadhi. Kuna kambi za mahema za umma kama Pimbi na Nyani, simba wa eneo hilo hawahami na nyumbu, chui hulala juu ya migunga na miegea kando ya mto, na bwawa la viboko la Retima litawatosha watoto nusu siku. Chakula msikiache wazi, nyani wa pale wana mazoea mabaya. Nguo nyeusi na za bluu ziacheni nyumbani, mbung'o wanazipenda mno, hasa njia ya magharibi.

Nimebakiza mama. Umeandika kwamba amelima Lamadi maisha yake yote, karibu kabisa na geti, tembo wamekula mahindi yake mara mbili, na hajawahi kuvuka lile geti. Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Mimi mwenyewe nyumbu niliwaona mara ya kwanza kupitia dirisha la basi la Musoma kwenda Arusha, nikiwa kijana, nimebanwa kati ya magunia, na hakuna aliyesimamisha basi. Mama yako anastahili kusimamishiwa gari.

Ataiweza safari, ila msimpeleke Ndutu kwa siku moja. Laleni Seronera kwanza. Mpeni kiti cha mbele kushoto kwa dereva, nyuma mishtuko ni mikali kwa mgongo. Wekeni mto mdogo kiunoni, maji ya kutosha, na kitenge kizito, asubuhi ni baridi kuliko Mwanza. Vyoo viko Seronera na geti la Naabi. Katikati ni porini, na hakuna kushuka garini ila dereva akihakikisha ni mahali panaporuhusiwa, kwa hiyo mpangieni vituo bila yeye kuona haya kuomba. Darubini iwe ya kwake, msimnyang'anye.

Na kama alikulia kwenye ng'ombe, muulizeni mkiwa mmekaa pale kwenye kundi habari za sotoka. Ugonjwa ule uliua ng'ombe na nyumbu pamoja. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama laki mbili na nusu. Ng'ombe wa vijiji vya jirani walipochanjwa, sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia, na kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita milioni moja. Chanjo hizo waliopeleka ng'ombe zao ni wazee wa vijiji kama cha kwenu. Huenda ana la kuwasimulia wajukuu ambalo mimi dereva sikuwahi kulijua.

Tarehe zikipatikana ziandike hapa hapa. Ikiwa ni kati ya tarehe 5 na 25 mtakuwa ndani ya msimu, ila siku tatu kabla ya kuondoka ulizia madereva waliotoka huko nyumbu wamekaa upande gani, kwa sababu wanaifuata mvua na hawakai mahali pamoja.