Maswali na Majibu: Plaki Hatari ya Moyo Inaonekanaje Kwenye Picha?

Nimekimbia kwenye mashine ya mazoezi nikiwa na nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kifuani, nikaambiwa moyo uko salama. Ina maana sina plaki, yaani mrundikano wa mafuta kwenye ukuta wa mshipa wa moyo?

Hapana. Kipimo hicho kinasaka mshipa uliobanwa kiasi cha kuunyima moyo damu unapofanya kazi nzito, na hapo mara nyingi tunazungumzia asilimia 70 na zaidi. Plaki iliyobana asilimia 30 hupita bila kutikisa mchoro wa ECG. Tena ukuta wa mshipa una tabia ya kutanukia nje kuipa plaki nafasi, hivyo njia ya damu hubaki pana huku ukuta wenyewe umejaa mafuta. Plaki ya namna hiyo ikipasuka, damu huganda juu yake na mshipa unaweza kuziba ghafla. Ndiyo sababu mtu hufaulu mazoezi leo na kupata shambulio la moyo miezi michache baadaye.

Kifua kinanibana tangu asubuhi. Niweke miadi ya CT, ile picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka?

Usiweke miadi yoyote, nenda idara ya dharura sasa hivi. Unahitaji ECG ndani ya dakika 10 za kufika, na kipimo cha damu cha troponini, kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia. Mengine baadaye.

Alama yangu ya kalsiamu ni 0. Nisherehekee?

Kidogo. Alama hiyo, iitwayo Agatston, hupima kalsiamu iliyojikusanya kwenye plaki, nayo hutokana na CT ya haraka isiyo na dawa ya sindano, yenye mionzi ya takriban milisiveti 1. Kompyuta huhesabu kila doa lenye ung'avu wa vizio 130 vya Hounsfield (kipimo cha ung'avu kwenye CT) au zaidi, kisha huzidisha eneo lake kwa namba kati ya 1 na 4 kulingana na ung'avu. Doa la milimita 5 za mraba lenye kilele cha vizio 420 huzidishwa kwa 4, linatoa 20. Madoa yote yakijumlishwa, 1 hadi 99 huhesabiwa kuwa kidogo, 100 hadi 399 wastani, na 400 kwenda juu ni nyingi.

Sasa angalia kinachoachwa. Plaki laini, yaani mafuta ambayo hayajapata kalsiamu, haifiki vizio 130, kwa hiyo haihesabiwi kabisa. Kwa mtu asiye na dalili wala vihatarishi vikubwa, 0 ni habari njema kweli. Kwa mvutaji sigara, mwenye kisukari, au mwenye umri mdogo anayeumwa kifua, 0 haifungi faili.

Basi plaki laini inaonekana kwa kipimo gani?

CT ya mishipa ya moyo yenye dawa ya ayodini. Dawa hung'arisha njia ya damu, na ukuta uliovimba hujitokeza pembeni yake. Msomaji mzuri wa picha haishii kwenye asilimia ya mbano. Anatafuta alama nne: sehemu nyeusi yenye vizio chini ya 30, ambayo huashiria kiini cha mafuta, mshipa uliotanukia nje kwa angalau asilimia 10 kuliko sehemu yenye afya iliyo jirani, vipande vya kalsiamu visivyofika milimita 3, na pete hafifu yenye ung'avu kidogo inayozunguka kiini cheusi. Zikikutana mbili au zaidi kwenye plaki moja, tunaiita hatari hata kama imebana asilimia 40 tu. Ripoti inayosema “hakuna mbano mkubwa” na kunyamaza hapo imefanya nusu ya kazi. Uliza plaki ipo wapi na ni ya aina gani.

Nijiandae vipi, na kwa nini picha nyingine huharibika?

Adui mkubwa ni mwendo. Moyo ukipiga zaidi ya mara 65 kwa dakika, mshipa wa upana wa milimita 3 hutoka kama umepakwa kwa kidole. Kwa hiyo usinywe kahawa, chai wala vinywaji vya kuongeza nguvu kwa saa 12, na usile kwa saa 4; maji ruksa. Mara nyingi utapewa metoprolol ya kupunguza mapigo, kwa hiyo mwenye pumu aseme mapema. Utawekewa pia nitrogliserini chini ya ulimi ili mishipa ipanuke. Kichwa kinaweza kukugonga kwa muda. Aliyetumia dawa za nguvu za kiume, sildenafil ndani ya saa 24 au tadalafil ndani ya saa 48, aseme bila haya, maana dawa hizo zikikutana na nitrogliserini presha huporomoka.

Kabla ya hapo, pima kreatinini kuona hali ya figo, na utaje mzio wowote wa dawa za ayodini. Kwenye mashine utasikia joto mwilini na kuhisi kama umejikojolea. Hujajikojolea. Bana pumzi kama utakavyoelekezwa, kwa sekunde 10 hivi, wala usivute pumzi kubwa kupita kiasi.

Kalsiamu nyingi nayo huharibu: hung'aa na kuonekana kubwa kuliko ilivyo, hivyo mbano hukuzwa. Stenti, kijibomba cha waya kinachowekwa kuuacha mshipa wazi, yenye upana usiofika milimita 3 huficha kilichomo ndani yake kwa sababu hiyohiyo.

Kwa nini jirani yangu aliingizwa kamera ndani ya mshipa?

Si kamera hasa, ni katheta yenye mwanga usioonekana kwa macho, yaani OCT. Inaona vitu vya takriban mikroni 10 hadi 20, kwa hiyo hupima unene wa kifuniko cha plaki. Kikiwa chini ya mikroni 65 huitwa chembamba. CT haiwezi hilo. Lakini ni upasuaji mdogo wenye hatari zake, hufanywa wakati wa anjiografia (picha ya mishipa kwa kuingiza katheta) iliyohitajika tayari.

Nimekunywa statini, dawa ya kupunguza kolesteroli, mwaka mzima, alama ya kalsiamu imepanda kutoka 120 hadi 160. Dawa imeshindwa?

Si lazima. Statini hufanya plaki laini kukauka na kuwa ngumu, na ugumu huo ndio Agatston inaouongezea namba. Usirudie kipimo hicho kufuatilia dawa. Pima LDL, yaani kolesteroli mbaya kwenye damu, wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza au kubadilisha kipimo cha dawa.