Cuenca, Ekuador: Anza na Mji, Milima Ifuate

Anayefikiria kuzuru Cuenca, kusini mwa Ekuador, ninamshauri apange ratiba yake kwa kufuata mwinuko wa ardhi kabla ya jambo lingine lolote. Mji wenyewe uko kwenye mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa Toreadora, ambalo wageni wengi hukimbilia katika Hifadhi ya Taifa ya Cajas, liko karibu mita 3,900, yaani juu kuliko Horombo, kambi ya wapanda mlima kule Kilimanjaro. Horombo mtu hufika kwa miguu baada ya kulala njiani, ilhali Toreadora basi liendalo Guayaquil humshusha kando ya barabara baada ya mwendo wa saa moja hivi, mwili ukiwa haujui kinachoendelea. Kwa sisi tuliokulia pwani, hata ngazi za kutoka mto Tomebamba kwenda mji wa kale zinatosha kutukumbusha kwamba hewa ya huko ni nyepesi.

Kwa hiyo siku za mwanzo ziwe za mji, nao una mengi. Mji wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1999, lakini mimi nilivutiwa zaidi na soko la 10 de Agosto kuliko kanisa kuu lenye makuba ya buluu. Humo nguruwe mzima aliyeokwa hulazwa mezani, muuzaji akamchambua nyama kwa mkono na kuiweka juu ya mote, mahindi meupe makubwa yaliyochemshwa na kumenywa. Asiyekula nguruwe aulizie trucha, samaki wa maji baridi. Pembeni wamo akina mama waganga, wanaompiga mteja kwa fungu la majani na kumpitisha yai mwilini. Kupiga picha bila ruhusa ni utovu wa adabu.

Ekuador inatumia dola ya Marekani tangu mwaka 2000, ila noti ya 50 au 100 hukataliwa madukani, hivyo tafuta chenji mapema. Jumapili nenda mji jirani wa Gualaceo, ambako soko hujaa watu wa vijijini, kisha upite mji wa Chordeleg kwa wafua fedha.

Cajas iwe ya mwisho. Ondoka asubuhi, maana mchana ukungu na mvua hushuka ghafla, nawe uvae koti zito na kupaka mafuta ya kukinga jua, kwani jua la ikweta huchoma hata penye baridi. Usiikose njia inayopita kwenye miti ya Polylepis, ambayo gome lake jekundu hubanduka tabaka kwa tabaka, jembamba kama karatasi. Wakati wa kurudi, simama barabarani upungie basi mkono kabla giza halijaingia, kwa kuwa kule juu si rahisi kupata teksi.