Mdogo wangu, nunua tepu kwanza

Jumapili iliyopita nilipata ujumbe wa kijana aliyemaliza kidato cha sita. Anasubiri kuanza chuo, usanifu majengo, na anataka nimwambie anunue kompyuta gani, na aanze na programu gani ya kuchorea, AutoCAD au ArchiCAD. Nilitaka kumjibu mistari miwili tu, ikashindikana. Namjibu hapa ili na wengine mlioniuliza hilo hilo msome.

Mdogo wangu, nunua tepu. Tepu ya mita 5, karatasi za A3, penseli ya 2H, ngumu ya mistari hafifu, na ya HB, laini zaidi, na rula ya skeli, ile ya kupimia michoro iliyopunguzwa ukubwa. Kompyuta itakuja.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilianza na kompyuta. Mwaka wa kwanza nilikuwa najua amri za AutoCAD kuliko wenzangu wote darasani, na nilijisikia. Siku ya kuwasilisha kazi nikabandika ukutani nyumba ya vyumba 3, rangi zimekolea, kivuli cha miti kimekaa vizuri. Mwalimu mmoja akasogea akaniuliza, "Ngazi hii, kidato kimoja kina kimo gani?" Sikujua. Kompyuta ilikuwa inajua, mimi sijui. Akahamia kwa mwenzangu bila kuongeza neno. Miaka imepita na ukimya ule bado unaniuma. Angenifokea ningekuwa nimeshasahau.

Likizo ile nilikwenda kwa bibi, Mkuranga. Nikachukua mbuzi yake ya kukunia nazi nikaamua kuichora yote: kwa juu, kwa ubavu, na seksheni, yaani kama vile umeikata katikati kwa msumeno ukatazama ndani. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Ilinichukua siku 3.

Mbuzi ni mbao mbili zinazopishana kama mkasi, msumari mnene umepita katikati, na mbele kuna ulimi wa chuma wenye meno. Ukiikunjua inasimama, ukiikunja inatundikwa ukutani. Nilipopima nikaona ubao wa kukalia haujanyooka. Nikalaza rula juu yake, nikapima uwazi uliobaki chini ya rula: milimita 8, na zote upande wa kushoto. Bibi hukaa akielemea kushoto kwa sababu goti la kulia linamsumbua. Nimekula wali wa nazi wa mbuzi ile tangu utoto na sikuwahi kujua hilo. Bibi akawa ananitazama. "Mume wangu, unaipima hivyo, unataka kuiuza?" Nikamwambia najifunza kuchora. Akanyamaza kidogo, halafu akanionyesha mahali ambapo marehemu babu alibadilisha msumari. Niliporudia kupima tundu, kweli, lilikuwa kubwa kuliko msumari wenyewe.

Kwa hiyo pima. Chochote kilichopo nyumbani kwenu, jiko la mkaa, kigoda, dirisha la nondo, kipime na ukichore kwa 1:1 au 1:2, yaani ukubwa wake halisi au nusu yake. Usikadirie. Ukikadiria unajidanganya, na mchoro hauwezi kukuambia kitu usichokiuliza.

Niliporudi Dar nikaenda mtoni. Ilikuwa Februari 2018, Hananasif. Mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani mpaka baharini pale daraja la Salender, na mimi nilikuwa nauvuka kila siku ndani ya basi bila kuutazama. Kwenye ramani ni mstari wa buluu. Ukishuka ukasimama ndani yake unakuta si mstari hata kidogo.

Nilipita kwanza serikali ya mtaa nikajitambulisha, na nawe ufanye hivyo. Wakazi wa pale walikuwa na sababu ya kumwogopa mtu mwenye tepu: mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde zilipigwa X nyekundu ukutani, kisha zikavunjwa. Fundi mmoja akanisaidia na mpira wake wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, ambao mafundi huhamishia levo, yaani usawa, kutoka sehemu moja hadi nyingine. Tukafunga kamba kutoka ukingo hadi ukingo, ikakaa sawa, na kila baada ya mita moja nikawa nashusha fito kupima kwenda chini. Kiangazi kile maji yalikuwa na upana wa mita 4, yananifika kwenye vifundo vya miguu. Ukingo kwa ukingo ilikuwa mita 23. Mita 19 zilizobaki zilikuwa mchanga, takataka na matuta ya matembele, na nilipoziona kwenye karatasi ndipo nilipoelewa kwamba hizo nazo ni mto.

Nyumba ya kwanza toka ukingoni ilikuwa ya mama mmoja. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mnatuvunjia tena?" Nilipomweleza akaniruhusu. Mlangoni kwake palijengwa kizingiti cha tofali, sentimita 55, mtu anainua mguu ndiyo aingie. Plasta yake ilikuwa na rangi tatu tofauti. Kila mafuriko yalipopita waliongeza.

Aprili ikaja ile mvua kubwa. Nilirudi baada ya wiki, alama ya maji ukutani ilikuwa mita 1.10 kutoka sakafuni. Nikaongeza mstari wa pili wa maji kwenye seksheni yangu. Kisha nikaongeza wa tatu: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwa skeli ya 1:200 hizo ni sentimita 30. Ulipita mbali nyuma ya nyumba ya mama. Niliuchora hafifu kwa 2H, nikauacha usiku mzima, asubuhi nikaukoleza, kwa sababu mchoro unaoficha mstari huo ungemdanganya hata yeye.

Ndiyo maana nakasirika nikiona vijana wanachora nyumba ya Kigogo halafu wanapakua intaneti watu wa Ulaya wenye makoti na kuwatembeza barazani. Nenda ukapime. Kapime baraza, ndoo iliyopo barazani, kapime mtu alivyokaa. Ukifika chuo hakuna atakayekulazimisha, na ndiyo hatari yenyewe.

Sasa bonde linabadilishwa kwa mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa 2022, dola milioni 200. Nyumba ile haipo tena. Mwaka jana mama alinipigia akiomba nakala ya mchoro, nikampelekea anakoishi sasa. Aliufungua mezani, akatafuta mlango wake, akaweka kidole kwenye kizingiti akahesabu matofali. "Hili la juu umekosea," akasema. "Lilikuwa nusu tofali. Saruji iliisha." Nikatoa penseli, nikasahihisha palepale.