Jibu: Karatasi ya risasi za Martini-Henry kuchunuka

Ndugu yangu wa Malindi, nimeusoma ujumbe wako wote. Shule inaandaa kabati la maonyesho ya vita vya Witu, ule mji wa bara karibu na Lamu, wewe umekabidhiwa kutengeneza nakala za risasi za bunduki ya Kiingereza ya Martini-Henry zilizovikwa karatasi, umetumia karatasi ya printa na gundi, na sasa zimevimba kiunoni, mshono umesimama na ncha zinachunuka. Mwenzetu hapo juu amekushauri uongeze gundi. Usiongeze. Risasi hizi hazikugandishwa kwa gundi. Ubovu uko kwenye karatasi yenyewe na namna ulivyoikata.

Mimi ni seremala hapa Langoni, Lamu. Riziki yangu ni kukereza miguu ya vitanda na viti, ila watu wa maonyesho wamenizoea, wananiletea kazi za vitu vya zamani visivyopatikana tena. Risasi za karatasi nimezifanya sana, zote za kutazamwa tu.

Ujue kwanza karatasi ile ilikuwa na kazi gani. Martini-Henry iliingia jeshi la Uingereza mwaka 1871. Mtutu wake una upana wa milimita 11.43, na ndani mna mifereji saba inayojipinda. Kichwa cha risasi, yaani kile kinachoruka, kina uzito wa gramu 31, nacho ni mchanganyiko wa madini ya risasi mafungu 12 kwa fungu 1 la bati. Kilisukumwa na baruti nyeusi ya gramu 5.5 hadi kwenda mita 400 hivi kwa sekunde. Madini laini namna hiyo yakipita uchi kwenye chuma kwa mwendo huo hujipaka mtutuni, mifereji ikajaa, na bunduki ikaanza kutupa ovyo. Karatasi ndiyo iliyokuwa kizuizi. Baruti ikiwaka, kichwa hutanuka kidogo, karatasi ikabanwa kwenye mifereji, kichwa kikazungushwa bila kugusana na chuma. Kikitoka tu mdomoni, karatasi huchanika vipande vipande ikapeperuka. Ilitakiwa ishike sana ndani na iachie mara moja nje. Sasa gundi ya nini?

Turudi kwenye karatasi yako. Ya printa ina unene wa karibu milimita 0.1. Kichwa huzungushiwa mara mbili, kwa hiyo ukipima upana unakuta kuta nne za karatasi, mbili kila upande. Hapo umeongeza milimita 0.4, na ndicho kiuno chako kilichovimba. Unayoitaka ina nusu ya unene huo na ni ya nyuzi za pamba. Karibu zaidi na hiyo ni ile karatasi nyembamba yenye kuchakarisha waliyotumia wapiga taipu kwa nakala za kaboni. Maduka ya zamani ya vifaa vya ofisi huwa nayo bado kwenye rafu za nyuma, na Mombasa ukiuliza huenda ukaipata. Itie maji, ivute taratibu: nzuri hunyumbulika kabla ya kukatika, ya printa huvunjika kama mkate uliolowa. Tena, karatasi hunyumbulika zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kata ili upande unaovutika ndio uzunguke kichwa.

Ukubwa wa kukata usiukisie wala usiuchukue mtandaoni, kila mtu kalibu yake ya kumiminia vichwa ina upana wake. Chukua ukanda mkavu, uzungushe kichwa zaidi ya mara mbili, ushike kwa kidole gumba, kisha pitisha wembe kwa mshazari kwenye tabaka zote kwa mkato mmoja. Fungua. Vipande viwili virefu vya katikati, ukivipanga pamoja kutoka mkato wa kwanza hadi wa mwisho, ndivyo kipimo chako. Kichwa cha milimita 11.1 kina mzingo wa kama milimita 35, kwa hiyo urefu utakaribia 70. Kipande kinakuwa na ncha mbili za mshazari zinazokwenda sambamba, na huo mshazari ndio dawa ya mshono wako: ncha ya mwisho inakuja kulala kando ya ya kwanza bila kuipanda, na kwa kuwa mstari unapanda kiupandeupande, jicho haliuoni. Ncha zilizokatwa wima hata fundi awe nani zitaonekana.

Kichwa chenyewe kiwe laini ubavuni, bila zile pete za kushika grisi. Karatasi ianzie pale ncha inapoanza kupinda, pua ibaki wazi, na chini ibaki ziada ya kukunjia kitako. Lowesha kipande, futa maji yanayochuruzika, kilaze juu ya kioo, kisha viringisha kichwa juu yake huku ukikivuta kidogo. Ziada ya chini isokote na uilaze kitakoni, bonyeza. Kisha kiache. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanataka kukausha juani au kwa moto. Karatasi ikikauka polepole kivulini hujikaza yenyewe juu ya madini, mpaka ukiipitishia ukucha hausikii kitu. Ikikaushwa kwa pupa inakauka nje kwanza, ncha zinainuka. Wakati wa mvua za masika ningekwambia usubiri zaidi, hewa ya kwetu unaijua. Ikishakauka, nta ya nyuki kidogo sana kwenye vidole na uizungushe kichwani. Inapata ile rangi ya manjano unayoiona kwenye picha za risasi hizi.

Juu ya mafuta, kuna kisa cha kuweka kwenye kibandiko cha maelezo. Bunduki ya zamani zaidi, Enfield ya 1853, ilitiwa risasi na baruti zikiwa kwenye bomba la karatasi lililopakwa mafuta, na askari alilichana kwa meno. Mwaka 1857 kule India zilienea habari kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na nguruwe. Wahindu na Waislamu wakakataa, na maasi makubwa yakafuata. Wanafunzi wa Malindi hilo hawatalisahau.

Kuhusu Witu, usijaze kabati Martini tupu. Kikosi cha Admirali Fremantle kiliuteketeza mji Oktoba 1890, lakini Wajerumani walikuwa na himaya pale tangu 1885, na Mauser yao ya 1871 nayo ilipiga kichwa kilichovikwa karatasi, gramu 25, chembamba kidogo. Gobori na gumegume za wenyeji ni jambo jingine kabisa: mtutu hauna mifereji, kinachoingia ni goroli, hakuna karatasi ya namna hii.

Sheria: fanya vichwa pekee. Usiweke ganda lenye fataki, wala baruti hata chembe. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haicheki na mtu mwenye risasi bila kibali, na hakimu hataulizia kabati la shule. Na mzee akikuletea risasi nzima ya zamani, usiifungue uone karatasi. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu miaka 100 bado inawaka. Iache ilipo, waite polisi na uwaarifu watu wa Makumbusho.

Madini, wavuvi wa chubwi wanayo. Yeyushia nje penye upepo, kalibu iwe kavu kabisa kwa sababu tone la maji hurusha madini usoni, na sufuria hiyo isirudi jikoni abadan. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, wanajua madini haya yanavyowafanyia watoto. Kama shule haitajali uzito, kereza vya mti uvipake rangi ya kijivu, karatasi itakaa vilevile.

Na kabati? Mbao mbichi au ubao wa kubandika (plaiwudi) hutoa mvuke wa asidi unaokula madini ya risasi, yakatoka unga mweupe wenye sumu. Tumia mbao kavu, acha matundu ya hewa nyuma, na unga ukiuona usiupulize, upanguse kwa kitambaa kibichi ukiwa na glavu.

Ukishaipata karatasi, pima shuka kumi pamoja ugawanye kwa kumi, uniandikie hapa unene wake pamoja na upana wa kichwa chako. Nitakuchorea kipande.