Ngisi Hukamatwa Chambo Kikizama

Usiku wa kuamkia juzi nilitoa ngisi saba kwenye kina cha mita sita, mahali palepale ambapo kwa misimu miwili nilirudi nyumbani na ndoo kavu huku mwenzangu, aliyesimama hatua kumi tu kutoka kwangu, akijaza yake. Iliniuma sana siku aliyosema mbele ya watu kwamba ngisi si riziki ya kila mtu, na sijayasahau maneno hayo.

Kosa langu lilikuwa kuhangaikia rangi. Nilikuwa na vyambo bandia vya umbo la kamba wa baharini zaidi ya ishirini, vya waridi, vya kijani na vya machungwa, nikivibadilisha kila baada ya mitupo michache, ilhali ngisi wengi hawatofautishi rangi kama sisi bali hutambua mwendo, mwanga na kivuli. Vyote vilikuwa na uzito mmoja, wala sikuwahi kujiuliza vinazama kwa kasi gani.

Chambo cha kawaida cha saizi ya namba 3.5, chenye gramu 20 hivi, huzama mita moja kwa takriban sekunde tatu. Kwenye maji mafupi yenye majani kitanasa haraka, na hapo utumie cha kuzama polepole. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kununua rangi nyingine, jifunze kuhesabu. Tupa, hesabu sekunde mpaka mshipi ulegee, maana chambo kimegusa chini, kisha kivute juu kwa mikupuo miwili au mitatu na ukiache kizame tena huku mshipi umenyooka kidogo. Mikupuo humwita ngisi, lakini yeye hukishika chambo kikishuka, na wanaokipandisha bila kukipumzisha wanamfukuza.

Usiku ule nilikuwa nimehesabu hadi kumi na moja mshipi uliposimama ghafla, ingawa chini palikuwa bado mbali. Niliinua fimbo, nikahisi uzito kama wa nguo iliyoloa, halafu ukaanza kuvuta kwa vipindi, vuta, acha, vuta, kama ngisi anavyojisukuma kwa maji. Hesabu ikikatika kabla ya wakati wake, au mshipi ukienda kando, inua fimbo mara moja, usingoje kuvutwa.

Ngisi wa nne nilimpoteza kwa sababu nilisita kukunja mshipi, na sindano za chambo hicho, yaani ndoana zake, hazina ncha za kurudi nyuma za kumzuia mshipi ukilegea. Kunja kwa mwendo mmoja, na breki ya gurudumu la mshipi uilegeze, kwa kuwa nyama yake huchanika upesi. Wa mwisho alikuwa ameshikwa kwa mkono mmoja mrefu tu, na nilipompitishia wavu chini aliachia wino, sindano ikachomoka akiwa tayari ndani.