Kanola imebaki mabakamabaka, bosi afute shamba au asubiri? Jibu kwa mdau wa Lincolnshire

Mkuu mleta uzi, nimesoma maelezo yako yote. Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu anaendesha trekta kwenye shamba la nafaka Lincolnshire, Uingereza. Kanola (zao la mbegu za mafuta) waliyopanda Agosti imebaki mabakamabaka, njiwa pori wameshinda humo tangu Desemba, majirani wawili wameshafuta mashamba yao, na bosi kamuuliza anaonaje: wafute wapande kitu kingine Machi hii, au wasubiri?

Mimi nafanya kazi hiyohiyo Cambridgeshire, kwenye udongo wa mfinyanzi mzito, na kabla ya huku nimekulia Hanang kwenye mashamba ya ngano. Nakujibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe kwa misimu kadhaa. Kwanza kabisa, usiamue kwa kuangalia kutoka barabarani, wala kwa sababu jirani kafuta. Kanola ni mmea unaodanganya pande zote mbili. Shamba linaloonekana limekufa Februari linaweza kujaa maua Aprili, na shamba la kijani linalopendeza linaweza kuwa limeshaliwa ndani kwa ndani.

Anza kuhesabu. Tengeneza fremu ya nusu mita kwa nusu mita, itupe sehemu nyingi za shamba bila kuchagua, hesabu mimea iliyo hai, zidisha kwa nne. Kawaida watu hulenga mimea 25 hadi 35 kwa mita ya mraba wakati huu wa mwaka. Lakini usikate tamaa ukipata kumi. Kanola ikipata nafasi hutoa matawi mengi na kuziba pengo, na hata mimea sita au saba kwa mita ya mraba, kama imetawanyika sawasawa na ina afya, huwa inastahili kufikiriwa mara mbili. Maneno ya kushika hapo ni "imetawanyika sawasawa". Mimea kumi ya wastani wa shamba zima, huku nusu ya shamba ikiwa na ishirini na nusu nyingine ikiwa kipara, hiyo ni hesabu ya mashamba mawili tofauti, na kila moja linataka uamuzi wake.

Hesabu ya mimea peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapoishia. Adui mkubwa wa kanola nchi hii si njiwa, ni yule mbawakawa mdogo mweusi anayeruka kama kiroboto. Agosti na Septemba anakula majani ya kwanza ya miche, watu wanamwona na wanapiga kelele. Kisha anataga mayai kwenye udongo karibu na shina, funza wanaanguliwa, wanapanda na kutoboa vikonyo vya majani, halafu wanaingia kwenye shina na kukaa humo kipindi chote cha baridi. Nje mmea ni kijani, ndani ni handaki. Machi ukifika, mmea wenye funza wengi haupandi juu. Unabaki mfupi, unachipua vijitawi vingi vya pembeni kama kichaka, na maua yanakuja kidogo au hayaji kabisa.

Kwa hiyo chukua kisu. Ng'oa mimea ishirini au zaidi kutoka pande mbalimbali, pasua vikonyo na shina kwa urefu, hesabu funza. Ni weupe, wana kichwa cheusi, na kiraka cheusi kwenye mkia. Kiwango kinachotumika huku kama dalili ya hatari ni funza watano kwa mmea. Hata hivyo angalia wako wapi. Wakiwa kwenye vikonyo vya majani ya chini, mmea mnene unaweza kuwazidi mbio. Wakishafika kwenye kichomozi cha katikati ambako ua litatokea, mmea huo usiuhesabu kwenye mavuno. Kama kupasua kunakuchosha, ning'iniza mimea kwenye wavu juu ya beseni la maji kwenye banda. Inavyokauka, funza wanatoka wenyewe na kudondoka majini, unawahesabu.

Utaniuliza mbona bosi asipige dawa. Mbegu za zamani zilikuwa zinapakwa dawa za wadudu za jamii ya neonikotinoidi, zikamlinda mche wiki zake za kwanza. Umoja wa Ulaya ulizizuia kwa mazao kama kanola kuanzia Desemba 2013 kwa sababu ya nyuki, na 2018 ukapiga marufuku kuzitumia nje kabisa. Kilichobaki ni dawa za kupuliza za jamii ya pairethroidi, na mbawakawa hao wa maeneo mengi ya nchi hii wameshaizoea. Unapiga, kesho unawakuta wanaruka. Zaidi ya hapo unaua wadudu wengine ambao wangekusaidia. Ndiyo maana kanola imerudi nyuma kiasi hiki: mwaka 2012 Uingereza ilikuwa na zaidi ya hekta 700,000, na kufikia 2021 zilibaki takribani 300,000. Nalisema hili ili umwelewe bosi wako. Kwa mkulima wa umri wake, kanola ndiyo iliyokuwa inaleta fedha Julai kabla ngano haijaguswa, na ndiyo iliyompa nafasi ya kupumzisha shamba na ngano na kupambana na lile gugu la nyasi lenye masuke meusi ambalo limeharibu mashamba mengi ya mashariki. Akisita kufuta, anaona mpango wake wa miaka minne au mitano wa kubadilisha mazao ukivunjika. Mpe heshima hiyo. Usiende kumwambia "tufute". Mpelekee karatasi ya hesabu yako, kipande kwa kipande, na mmea uliopasuliwa mkononi.

Sasa jambo ambalo hukulitaja kabisa, nami naona ndilo litakaloamua kila kitu: mlipiga dawa gani ya magugu, na lini?

Kwenye mashamba yenye lile gugu, wengi hupiga propizamidi kuanzia Novemba udongo unapopoa. Ni dawa nzuri sana kwa kazi yake, na kazi yake ni kuua jamii ya nyasi. Shayiri na ngano na oti nazo ni jamii ya nyasi. Ukifuta kanola Machi na kupanda shayiri kwenye udongo wenye dawa hiyo, unaweza kuona shayiri inaota njano na kudumaa, na hapo umepoteza mazao mawili kwenye shamba moja. Kila dawa ina lebo yenye sehemu ya zao linalofuata, imeandikwa lazima zipite wiki ngapi, na mara nyingine inadai udongo upinduliwe kwa plau kwanza. Dawa nyingine za magugu, kama metazaklori na klopiralidi, nazo zina masharti yake. Chukua daftari la upigaji dawa, kaa na bosi na mshauri wake wa mazao, someni lebo mstari kwa mstari kabla ya mtu yeyote kuagiza mbegu. Kama propizamidi ilipigwa majuzi, kwa kawaida mnabaki na jamii ya mikunde, yaani njegere au yale maharage makubwa ya huku, maana hayo huivumilia kuliko nafaka. Kama haikupigwa, shayiri ya kupanda Machi ndiyo chaguo la wengi.

Kalenda nayo inabana. Maharage hutaka kuingia ardhini Februari au Machi. Yakichelewa hadi Aprili mavuno yanashuka na uvunaji unasogea kwenye mvua za Septemba. Shayiri inavumilia hadi katikati ya Aprili. Kitani kinasubiri udongo upate joto, kwa hiyo Aprili ni wakati wake. Kanola ya kupanda Machi mimi siipendekezi, kwa sababu inachanua wakati ambao wadudu wa chavua, yaani mbawakawa wadogo wanaokula vichomozi vya maua, wamejaa na mimea ni midogo. Kwa hiyo huwezi kusubiri hadi maua yaonekane ndiyo uamue. Kwenye shamba letu tunaweka wiki ya pili au ya tatu ya Machi kuwa mwisho: mashina yenye uzima yanakuwa yameanza kurefuka na yale yaliyoliwa yanajionyesha kwa kubaki chini.

Mkiamua kufuta, tafadhali sana, msikimbilie shambani. Hili naliandika kwa uchungu kwa sababu nimeona udongo mzuri ukiharibiwa kwa siku moja na trekta la tani nyingi. Kipindi cha miezi 18 kuanzia Oktoba 2022 hadi Machi 2024 ndicho kilichokuwa na mvua nyingi kuliko kipindi chochote kama hicho England tangu kumbukumbu za 1836, na madhara ya waliolazimisha kuingia kwenye matope bado yanaonekana: maji yanasimama kwenye alama za matairi, mizizi inafika sentimita kumi na kugeuka pembeni.

Mwezi Machi upepo wa mashariki hukausha ngozi ya juu, shamba linakuwa jeupe, kila mtu anawasha trekta. Chukua sepetu, chimba hadi sentimita 20, chukua donge la chini ulisokote mkononi. Likitoka kamba nyembamba isiyokatika, udongo bado ni mbichi na unafinyangika, rudi nyumbani. Likimeguka, anzeni kazi, na shusheni upepo wa matairi kulingana na kitabu cha mashine. Kuhusu kufuta kwenyewe, glaifoseti, dawa ya kuua mimea ya kila aina, inafanya kazi pale kanola inapokua, na mashina manene hayafi kirahisi, kwa hiyo msingoje yawe magumu. Mkipanda moja kwa moja bila kulima mnahifadhi muundo wa udongo na magugu hayaamshwi, lakini angalieni konokono wasio na gamba, wanabaki kwenye mabaki ya kanola na wanahamia kwenye miche mipya. Na kumbuka lebo ikidai plau, mpango wa kutolima umekwisha hapo hapo.

Kwa vipande mtakavyoviacha, vilisheni kwa kipimo cha majani. Lengo la kanola wakati wa maua ni majani mabichi yenye eneo la mita za mraba 3.5 juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi, na kila mita moja ya mraba ya ujani huo inahitaji kama kilo 50 za nitrojeni kwa hekta. Zao lililoliwa na njiwa huwa na ujani mdogo, kwa hiyo linahitaji kupewa mapema kuliko lile nene, ili lijenge majani. Salfa isisahaulike. Kwenye vipara visivyo na mimea msimwage kitu, zimeni sehemu ya mashine mnapovuka.

Na wadudu wa chavua mwezi Aprili wasiwatishe. Watu huona shamba jembamba wanadhani ndilo linalohitaji dawa zaidi, kumbe ni kinyume chake: chini ya mimea 30 kwa mita ya mraba, kiwango cha kuanza kupiga dawa ni wadudu 25 kwa mmea, kwa sababu mmea wenye nafasi hutoa vichomozi vya maua vingi kuliko unavyohitaji. Juu ya mimea 70 kiwango kinashuka hadi saba. Maua yakishafunguka, hao wadudu wanafuata chavua tu na nyuki wako kazini, acheni.

Nikiwa nafasi yako, kwa picha ulizoweka, ningetenga ule upande wa msitu ambako njiwa wanalala kuwa wa kufutwa, na ule mteremko wa kusini ningeuacha mpaka visu vimezungumza. Kuwa na mazao mawili ndani ya shamba moja ni usumbufu wakati wa kupiga dawa na kuvuna, bosi atalalamika, lakini usumbufu huo ni nafuu kuliko kufuta kanola iliyo hai.

Ukishapasua mimea yako, rudi hapa utuwekee: idadi ya funza kwa kila kipande, jina la dawa ya magugu na tarehe iliyopigwa, na picha ya shimo la sepetu. Wapo wadau wawili humu wenye mashamba ya kanola Timau, Kenya, wanaijua vizuri, na nimewatag waje waangalie pamoja nasi.