Mume anataka kilomita 700 kwa siku, mgongo ni wangu

SWALI: Shikamoo mzee wa safari. Mimi na mume wangu tuliahidiana tangu enzi za uchumba kwamba ipo siku tutapanda pikipiki mpaka Zambia tukayaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls), basi ikaja mimba, ikaja ada, kikaja kiwanja, miaka 11 imekatika. Sasa kanunua pikipiki ya mkononi cc 250 na tumepata likizo wiki tatu mwezi wa kumi. Kila jioni yeye na video za injini na mahema, kapanga tutembee kilomita 700 kwa siku eti tusipoteze muda. Mimi ni wa nyuma, nimeambiwa nibebe kibegi kimoja kidogo. Naogopa kusema kitu nisije nikaonekana nauza mechi. Nijiandaeje? – Mama Wawili, Mbezi

JIBU: Marahaba mama. Hujauza mechi yoyote, ila huyo baba kapanga safari ya mtu mmoja halafu kakuweka wewe juu ya kiti. Mi mwenyewe nlifanya hivohivo mara ya kwanza na mama watoto, tulivofika Mikumi alishuka akakaa chini ya mwembe hakuniongelesha mpaka chai ya jioni.

Tuanze na hesabu. Dar mpaka Livingstone, mji ulio jirani na hayo maporomoko, ni kama kilomita 2,400, yeye anataka azimalize siku nne yani akifika hapo hata hayo maji hamtayaona vizuri kwa uchovu. Gaweni 350 kwa siku, mnafika siku ya saba, kurudi saba, bado mna wiki nzima ya kukaa. Na 350 za mlima Kitonga na malori yake sio mchezo, zile kona abiria ndo anajua, ukilalia upande usio wake dereva anahisi kama mtu kamvuta usukani. Mwambie ukweli kwamba unatakiwa uangalie kona juu ya bega lake la upande mnaokata, ulale nae, usikae wima kama gunia la mkaa. Usiku msiendeshe kabisa, Mikumi barabara inakatiza katikati ya hifadhi na tembo hana taa za nyuma.

Halafu mwezi. Oktoba na Novemba upande wa Zambia maji yanapungua sana, sehemu kubwa unakuta mwamba mtupu, na joto la bonde la Zambezi kipindi hicho ndani ya helmeti na jaketi ni adhabu. Aprili nako maji ni mengi mpaka moshi wake unaziba kila kitu na mnalowa chapachapa. Kama likizo inasogezeka vuteni Juni au Julai, ila mjue baridi ya Makambako miezi hiyo inaingia mpaka kwenye mifupa, wa nyuma vaa glavu mbili, na reinikoti vaa hata kama hainyeshi maana inazuia upepo.

Sasa cheni, hapa mwite na yeye asome. Watu hua wanakaza cheni pikipiki ikiwa tupu imesimama kwenye stendi, inaonekana safi kabisa, alafu mnapanda wawili na mabegi, shokapu zinashuka na cheni inakazika kama waya wa umeme. Mimi niliisikia inalia tangu Chalinze nikajifanya ni upepo, aliyeniambia simama ni mke wangu, maana mtetemo ulikua unampanda kwenye nyayo. Kwahiyo kaeni juu wote wawili na mzigo wote, mtu wa tatu aichezeshe kwa kidole katikati, ikiwa haina mchezo ilegezwe. Upepo wa tairi la nyuma nao uwe wa kubeba abiria, maelekezo yapo kwenye stika ya pikipiki au kitabu chake, na pimeni asubuhi tairi likiwa la baridi. Vitu vizito kama spana na tyubu za akiba vikae chini karibu na katikati, sio juu ya keria nyuma ya mgongo wako.

Kuhusu kibegi kimoja kidogo, hapana. Begi la kulia lake, la kushoto lako, akitaka jiko la gesi na viti vya kukunja viingie kwenye la kwake.

Kabla ya yote nendeni Morogoro na kurudi wikiendi moja na mzigo wote kama mnavyosafiri. Hapo mtapata lugha yenu, sisi kugonga bega mara moja ni kiu, mara mbili nataka kushuka, ngumi ya mgongo ni simama sasa hivi bila maswali. Na utajua kama kile kiti kinahitaji kuongezwa sponji, fundi viti anafanya.

Makaratasi ni machache. Zambia Mtanzania haombi viza, pasipoti inatosha. Chanjo ya homa ya manjano mchome mapema maana kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, ila tangu 2016 ukichoma mara moja ni ya maisha. Bima mwambieni wakala wenu awape Kadi ya Njano ya COMESA, hiyo ni bima ya chombo inayotambulika ukivuka mpaka, sio ile kadi ya chanjo. Pale mpakani Tunduma na Nakonde tangu 2019 ni kituo kimoja cha pamoja, mtachukua kibali cha kuingiza pikipiki kwa muda, mkiwa mnatoka kifungwe, na yule kijana anayekukimbilia kutaka pasipoti yako "akusaidie foleni" usimpe hata akikuita shemeji.

Lakini umesema pikipiki ni ya mkononi. Mpaka leo nakutana na watu wamenunua wakapewa kadi ya pikipiki ina jina la mwenye zamani, wakaishia kuzungushwa mpakani siku nzima. Usiku huu akilala itoe kwenye droo uangalie jina, kama sio lake kesho asubuhi aanzie TRA, video za mahema zitamsubiri.